Mwanangu anatimiza miaka 7 Januari. Naweza kwenda kumchukua?

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na madirisha ya chuma hapa Mbagala. Nina mtoto wa kike, tumwite Neema, anayetimiza miaka 7 mwezi wa kwanza. Mama yake nilianza kuishi naye kabla mtoto hajazaliwa. Nilipeleka posa kwao, mahari nikatoa nusu, nusu nyingine nikaahidi kumalizia mambo yakikaa sawa. Ndoa hatukuwahi kufunga, si ya dini wala ya bomani. Ila cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina langu.

Mwaka jana tuligombana, akafungasha akarudi kwao Gongo la Mboto na mtoto. Mwanzoni tulielewana. Nilikuwa namtumia elfu themanini, mwezi mzuri laki moja, na Jumamosi namfuata Neema analala kwangu mpaka Jumapili jioni. Aliposikia naishi na mwanamke mwingine mambo yakageuka. Nikipiga simu naambiwa mtoto amelala, mtoto kaenda kwa mama yake mdogo, mtoto anaumwa. Kuna siku nilifika mpaka mlangoni na viatu vya shule nilivyomnunulia. Mjomba wake akanisimamisha nje mbele ya majirani, akasema nimalize kwanza mahari, la sivyo mtoto ni wa ukoo wao. Viatu akavipokea. Mtoto sikumwona.

Iliniuma sana, Mama. Tangu siku hiyo, ilikuwa mwezi wa nne, sijatuma hela. Nilisema kama mtoto si wangu basi wamlishe wenyewe. Sasa nimeletewa wito kupitia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, natakiwa Ofisi ya Ustawi wa Jamii wiki ijayo kuhusu matunzo ya mtoto. Wenzangu wananiambia nisiende, ofisi zile ni za wanawake, mwanaume akiingia ameshahukumiwa. Wengine wanasema nivumilie tu, maana mtoto akifika miaka 7 sheria inamkabidhi kwa baba. Anaanza darasa la kwanza, kwa hiyo nikamchukue palepale shuleni siku ya kufungua, nimpeleke kwa mama yangu Kondoa. Bibi yake anampenda na shule iko karibu.

Mke niliye naye amejifungua juzijuzi, na kazi zenyewe zinakuja kwa msimu. Wakili siwezi kumlipa. Je, ni kweli mtoto akifika miaka 7 ni wangu? Nikienda Ustawi watanifunga? Na huyu mjomba ana haki ya kunizuia kwa sababu ya mahari?

Baba Neema, Mbagala

*

Marahaba, baba Neema.

Nenda Ustawi. Fika siku uliyopangiwa, saa uliyopangiwa. Na kabla ya siku hiyo mtumie mama Neema hela ya mtoto, hata kama ni elfu thelathini tu uliyo nayo mfukoni, kwa namba ileile uliyokuwa unatumia zamani. Usisubiri kuamriwa. Mengine yote ninayokuandikia hapa yatakuwa mepesi kwako ukishafanya hayo mawili.

Sasa nikujibu la miaka 7, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukuingiza kwenye matatizo makubwa. Si kweli. Na si wewe peke yako uliyedanganywa. Maneno haya yanazunguka kila kijiwe, wanaume wanahesabu siku za kuzaliwa za watoto wao kana kwamba kuna hati inayoiva.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivi: mahakama inapoamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza na lililo juu ya yote ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Chini ya hilo ndipo inatazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii yao. Halafu inaongeza kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ichukuliwe kuwa ni vema akae na mama, isipokuwa kama kuna sababu za kuonyesha vinginevyo. Hapo ndipo hiyo 7 ilikotoka. Hakuna maneno yanayofuata yanayosema akishatimiza anahamia kwa baba. Kinachotokea siku hiyo ni kwamba mama hana tena ile nafasi ya kuanzia mbele. Mnasimama sawa mbele ya hakimu, na swali linabaki lilelile: Neema atakuwa salama na mtulivu zaidi wapi? Tena sheria hiyohiyo inamtahadharisha hakimu juu ya ubaya wa kuyumbisha maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha.

Wapo wanaolitoa jambo hili kwenye dini. Hata huko, katika madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, umri wa miaka 7 hivi ni umri wa mtoto kupambanua, naye huulizwa anataka kwa nani. Kuulizwa na kubebwa ni vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo ule mpango wa kumchukua shuleni uache kabisa. Fikiria siku yenyewe. Ni siku yake ya kwanza darasa la kwanza, sare bado inanukia dukani, mwalimu hata jina lake hajalishika. Baba ambaye hajamwona kwa miezi anamshika mkono getini, anampandisha basi la Kondoa. Jioni mama yake anakuja kumfuata, hayupo. Utakuwa umemtisha mtoto unayesema unampenda, na utakuwa umempa mama yake kesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu anayemlea kihalali. Ikifika mahakamani, hakimu atakuuliza swali moja ambalo sioni utalijibu vipi: kama unamtaka mtoto, mbona umempeleka kwa bibi yake? Ulichopanga si Neema kuishi na baba yake. Ni kumtoa kwa mama aliye hai na mzima, na kumpeleka mkoa mwingine ambako hakuna baba wala mama. Mahakama humweka mtoto kwa ndugu pale tu panapokuwa na sababu za kipekee. Najua mama yako atampenda. Kwenye likizo, mkikubaliana, atampenda vizuri tu.

Nije kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nichague barua yako kati ya nyingi zilizonifikia.

Wewe umezuia hela kwa sababu umezuiwa kumwona mtoto. Mama Neema, ukimsikiliza yeye, labda atasema hivyohivyo kwa kugeuza: siwezi kumtoa mtoto kwa mtu asiyemhudumia. Kila mmoja ameshika upande wake na anasubiri mwenzake aachie kwanza. Na wote wawili mnavyoshikilia si vyenu. Sheria ya Mtoto haisemi baba ana haki ya kumwona mtoto kwa kuwa analipa. Inasema wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kupata matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa akikipata kabla hawajatengana, na mtoto ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine anapotaka, alimradi haiharibu masomo yake. Soma tena uone haki hizo zimeandikwa kwa jina la nani. Chakula ni cha Neema. Jumamosi kwa baba yake ni ya Neema. Hakuna popote ambapo kimoja kimewekwa kuwa bei ya kingine.

Sheria ya Ndoa nayo inamtaka mwanaume amtunze mtoto wake kwa malazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo wake, awe mtoto anakaa kwake au kwa mtu mwingine. "Au kwa mtu mwingine" ndiyo maneno ya kushika. Kwa hiyo ukifika Ustawi ukasema "niliacha kutuma kwa sababu walininyima mtoto," utakuwa umekiri kosa lako huku ukidhani unajitetea. Na mama yake akisema "nilimnyima mtoto kwa sababu hatoi matunzo," naye amekiri la kwake. Mama Neema, kama utasoma hapa, maneno haya ni yako pia. Mtoto aliyekuwa analala kwa baba yake kila Jumamosi, ghafla haendi tena, hajui habari za mwanamke mwingine. Anajua tu kwamba baba hakuja.

Uliuliza kama watakufunga. Afisa Ustawi wa Jamii hafungi mtu wala hatoi hukumu. Kazi yake siku hiyo ni kuwaita wazazi wote wawili, kuwasikiliza, na kuona kama mnaweza kukubaliana kiasi cha matunzo na utaratibu wa kumwona mtoto. Mkikubaliana inaandikwa, mnasaini. Msipokubaliana, suala linakwenda mahakamani, na huko afisa huyohuyo anaweza kuombwa aandike taarifa ya hali ya familia zote mbili: mtoto analala wapi, nani anampeleka shule, nyumba ikoje. Unaona kwa nini hutaki akukumbuke kama yule aliyeitwa akagoma? Lakini sitakuficha kwamba kutomtunza mtoto ni kosa. Sheria ya Mtoto imeweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Anayefika huko mara nyingi ni yule anayepuuza wito, akapuuza na wa pili. Mtu aliyekuja mwenyewe na vielelezo mkononi anasikilizwa vingine kabisa.

Vielelezo vyako ni hivi. Nenda kampuni yako ya simu uombe taarifa ya miamala tangu mlipotengana. Itaonyesha kila mwezi uliotuma, na itaonyesha miezi uliyonyamaza. Usiifiche miezi hiyo. Sema mwenyewe kabla hujaulizwa, useme na utaifidia vipi, hata kidogokidogo. Chukua nakala ya cheti cha kuzaliwa cha Neema. Kwa kuwa jina lako liko pale na wewe humkani mtoto, hakuna habari ya kupima vinasaba hapa, mmeokoa muda na fedha. Chukua cheti au kadi ya kliniki ya mtoto wako mchanga. Kisha nunua daftari la kawaida, uandike tarehe ulizompigia mama Neema kuomba kumwona mtoto na ulichojibiwa. Andika kilichotokea tu. Ukianza kuandika matusi na hukumu, daftari lile litageuka kuwa ushahidi dhidi yako.

Kuhusu kiasi, hakuna bei moja iliyopangwa. Zamani ilikuwepo: sheria ya tangu ukoloni iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa, na iliendelea kuwepo hata shilingi 100 ilipokuwa hainunui kitu. Sheria ya Mtoto ya 2009 iliifuta. Siku hizi kinachoangaliwa ni kipato na mali za wazazi wote wawili, uwezo wa kila mmoja kufanya kazi, watoto wengine mnaowahudumia, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Ndiyo maana nimekuambia ubebe kadi ya huyo mchanga. Anahesabika, lakini hamfuti Neema.

Wewe ni fundi, mshahara wa mwisho wa mwezi huna. Usiende kukubali laki mbili kwa aibu halafu mwezi wa pili ukashindwa. Kiasi ukishindwa kukilipa kitakuharibia jina kuliko kiasi kidogo unachokileta bila kukosa. Mimi ningekushauri useme namna hii: kiasi cha chini ambacho hata mwezi mbaya wa mvua unaweza kukitoa, kitumwe kwa tarehe iliyotajwa, na juu yake vitu unavyovigharamia mwenyewe. Shule za msingi za serikali hazina ada, lakini sare zipo, madaftari yapo, michango ya chakula ipo, na mtoto akiugua usiku hakuna anayeuliza nani zamu yake. Chukua sare na madaftari yawe juu yako, utunze risiti. Mapato yakibadilika, yakipanda au yakishuka, hata amri ya mahakama inaweza kuombewa marekebisho. Usiipunguze mwenyewe kimyakimya.

Na wewe, ukiwa palepale mezani, omba Jumamosi zako zirudi na ziandikwe. Wanaume wengi wanatoka ofisini wameandikiwa matunzo tu, kwa sababu waliingia wamenuna hawakuomba kitu. Taja siku, saa ya kumchukua, saa ya kumrudisha, nani atamleta, likizo ya Desemba itagawanywaje. Kama mama yake ana wasiwasi juu ya mwanamke uliye naye, usiubeze. Anza na mchana tu, umrudishe kabla ya magharibi, kwa wiki kadhaa, mpaka Neema mwenyewe aonekane ametulia. Mtoto ambaye hajakuona kwa muda mrefu anaweza kukukimbilia, na anaweza kujificha nyuma ya mama yake. Akijificha usimvute, wala usiseme kwamba amefundishwa.

Ikishindikana Ustawi, fungua maombi yako mahakamani. Hamkufunga ndoa, kwa hiyo hakuna talaka ya kutangulia. Sheria ya Mtoto inamruhusu mzazi kuomba malezi ya mtoto au haki ya kumtembelea, na ushauri wangu ni uombe hiyo ya kumtembelea. Mama yake anaweza kwa upande wake kudai kwamba kuishi kwenu pamoja zaidi ya miaka miwili mkijulikana kama mke na mume kunachukuliwa kuwa ndoa, akadai na mali mliyochuma. Hilo ni shauri lingine. Msilichanganye na la mtoto. Wewe uliye Mbagala uko karibu na Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, kilichoanza kazi mwaka 2021, ambako mahakama na wadau wengine wa mambo ya familia wako pamoja. Mashauri ya watoto hayasikilizwi hadharani. Mnakaa faragha, kwa maswali na majibu ya kawaida, na Neema akiulizwa maoni yake ataulizwa kwa upole, si kusimamishwa katikati ya wazazi aelekeze kidole. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo ujieleze kama ulivyoniandikia mimi.

Fedha ya wakili isikutie hofu. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa ajili ya watu wasio na uwezo, na haijasema wanawake peke yao. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wana huduma hiyo hapa Dar es Salaam, wapo wasaidizi wa kisheria kwenye kata, na ofisa wa mtaa wako anaweza kukuelekeza kwa aliye karibu. Mweleze ukweli wote, pamoja na miezi uliyoacha kutuma.

Limebaki la mjomba. Hana haki ya kukuzuia. Ubaba wako unatokana na kumzaa Neema, na wajibu wako juu yake nao unatokea hapohapo. Hata katika ndoa kamili, Sheria ya Ndoa inasema kutolipa mahari hakuibatilishi ndoa, sembuse kumfanya mtoto awe rehani ya nusu iliyobaki. Lakini usiende kumwambia hayo mlangoni kwake. Uliahidi, na mzee anayedai ahadi ana neno la kusema. Amekosea tu mahali pa kulisemea. Mtume mshenga wako aliyepeleka posa, au mzee mwingine anayeheshimika pande zote mbili, akaongee naye kuhusu nusu hiyo: kama bado inadaiwa ilhali mmeshaachana, au mnalifunga. Kikao hicho kiwe siku nyingine na mahali pengine, na jina la Neema lisitajwe.